Bundi wa Mama Sifuna

Mimi nitasema, hata kama watu wa mtaa wetu wa Woodley watanuna: bundi yule hakumfanyia mtu ubaya wowote.

Nakhumicha, ambaye sote tulimwita Mama Sifuna, alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mchana alishona yunifomu za shule kwenye kibanda huko Ngara, jioni akarudi kwa wagonjwa wake. Wagonjwa wenyewe ni ndege. Njiwa aliyegongwa na gari, mwewe aliyechomwa na nyaya za stima, kuzumburu aliyeponyoka mdomoni mwa paka. Aliwafunga mabawa kwa vitambaa vilivyobaki cherehani, akawalaza kwenye makatoni ndani ya stoo. Wakipona aliwarusha pale uani huku akiwagombeza: "Haya, enda, na nisikuone hapa tena." Tulimcheka, lakini kila aliyeokota ndege alijua pa kumpeleka.

Mwaka wa 2004, kule Kilimani walikuwa wanakata miti wajenge maghorofa. Mti mmoja ukaanguka na bundi wake. Wafanyakazi wakatimua mbio, aki, wanaume wazima na mashoka mkononi. Mama Sifuna, aliyekuwa anapita, akavua sweta, akamfunika, akamleta nyumbani. Bawa moja lilikuwa limevunjika.

Huyo hakutaka mkate wala ugali. Mama Sifuna akaanza kuwaomba wenye maduka Ngara wamwekee panya walionaswa na mitego, akawa anarudi nao kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, mama mzima wa kanisa. Mfupa ukaanza kushika. Alinionyesha kwa fahari kama mtu aliyejifungua. Bado kidogo tu, aliniambia, ila akiruka kabla ya wakati bawa litavunjika palepale, na hatapona tena.

Kisha Dedan, mume wa Hannah wa nyumba ya pili, akalazwa hospitalini, tumbo limefura, hajitambui. Na bundi naye si akalia! Hiyo ndiyo sauti yake, kwani mlitaka awike? Lakini kwetu, uwe Mkikuyu uwe Mluhya, bundi akilia karibu na nyumba yenye mgonjwa, watu huanza kutafuta sufuria kubwa za matanga. Mtaa mzima ukaanza kunong'ona. Kwenye maombi ya Jumatano hakuna aliyeketi karibu na Mama Sifuna isipokuwa mimi, na hata mimi niliketi pale kwa hasira tu.

Kilichomuuma ni kwamba Hannah alikuwa rafiki yake wa dhati. Jioni moja, nikiwa kwa Mama Sifuna, Hannah alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Hakupaza sauti.

"Mama Sifuna, mimi na wewe tumelea watoto pamoja. Kama ni Dedan ama ni huyo ndege, niambie nijue."

Mama Sifuna alijaribu kueleza habari ya mfupa. Hannah akaanza kulia. Basi, ungefanya nini? Mama Sifuna aliingia stoo akamtoa bundi, tukaenda sisi watatu hadi kwenye miti nyuma ya mtaa. Akafungua kitambaa polepole. Safari hii hakumgombeza. Bundi aliruka kidogo, akaelemea upande mmoja, akaangukia kwenye ua wa michongoma. Tulimtafuta mpaka giza likatushinda.

Asubuhi tulimpata kwa kufuata kelele za kunguru. Watu walikuwa wametangulia, na mawe. Mama Sifuna alimwokota kwa aproni yake akamzika nyuma ya stoo.

Siku hiyohiyo Hannah akarudi kutoka hospitalini anaimba. Dedan alipasuliwa jana mchana, mkewe hana habari, hatari imepita, ameomba uji. Jana mchana! Bundi akiwa bado stoo, anameza panya wake. Nilimwambia kila mtu hivyo. Waliniangalia kama mtu anayemkufuru Mungu.

Dedan alipotoka hospitalini, Hannah alimletea Mama Sifuna shukrani: jogoo mkubwa, miguu imefungwa, kichwa chini. Akamkumbatia, akamwambia, "Umeniokolea mume." Kukataa kuku ni tusi, sana sana kwa Mluhya wa Bungoma kama yeye. Mama Sifuna alimpokea, akachinja, akapika. Dedan akaalikwa, akawekewa firigisi kama mgeni wa heshima. Alikuwa amekonda, lakini alikula vizuri na kutuchekesha sote.

Walipoondoka nilimkuta Mama Sifuna jikoni anaosha sahani, machozi yanamtiririka. Nikamuuliza kama Hannah amemkosea. Akatikisa kichwa.

"Nimefurahi Dedan amerudi," akaniambia. "Haki nimefurahi. Lakini huyu mwingine, aliye nyuma ya stoo, nitamlilia na nani?"