Wifi Anauliza Kipofu Alienda Kutalii Nini Thika

Admin, ficha jina langu na la mume wangu. Siogopi mtu, ni vile tu mtoto wetu yuko shule na watoto wenzake wana midomo. Naandika kwa kuongea na simu, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya mnivumilie.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, tunaishi Kimbo, Ruiru. Ni msusi. Miaka michache iliyopita presha ya macho ilinimaliza, jicho moja kwanza halafu la pili, na sasa hata taa ikiwashwa sijui. Kazi sikuacha. Vidole vyangu vinajua mistari ya nywele, na wateja wangu wengi walibaki. Mume wangu ni fundi wa makochi, mtu wa maneno machache, na tangu niugue hajawahi kunifanya nijione mzigo.

Juzijuzi akaniambia, "Tangu tuoane hatujawahi kwenda likizo. Wikendi hii nafunga kazi, twende Thika tulale huko, tutembee kama watalii."

Nikacheka. "Thika si ni hapa tu?"

"Na ni lini tumewahi kwenda huko kama hatuendi hospitali?"

Mtoto tukamwachia jirani, nikavaa rinda langu jekundu, tukaenda.

Tulianzia kwenye maporomoko ya Chania. Alinishika mkono tukashuka ngazi polepole, na kabla hatujafika chini niliyasikia yale maji kifuani, kama lori kubwa linalonguruma bila kuondoka. Manyunyu yakanipiga usoni. Nikamwambia, "Haya, niambie unaona nini." Akafikiria sana. "Ni maji. Mengi. Ya rangi ya kahawia." Aki nilicheka mpaka nikashika mawe. Nikamuuliza kama hayo ni maporomoko ama ni chai. Ndipo akaanza kujaribu kweli: vile maji yanavunjika yakiwa meupe, vile jani linazunguka mahali pamoja likikataa kwenda, vile ndege mmoja mweusi amesimama kwenye jiwe kama askari. Mume wangu hajawahi kuniongelesha hivyo, hata akinitongoza.

Mchana tukaingia mahali pa nyama choma. Mhudumu akasimama upande wa mume wangu akauliza, "Na huyu atakula nini?" Nikajibu mwenyewe, "Huyu atakula mbavu, na kachumbari iwe na pilipili. Huyu ana mdomo." Kijana wa watu akaomba msamaha, akatuletea na supu.

Halafu mpiga gitaa akaanza mugithi. Kama hujui, mugithi ni ngoma ya treni, watu wanapanga mstari, kila mtu anashika mwenzake mbele, mnazunguka ukumbi mzima. Niambieni, kuna ngoma nyingine iliyoundiwa mtu kama mimi kuliko hiyo? Nilimshika mume wangu mabegani, mama mwingine akanishika mimi, tukazunguka wimbo baada ya wimbo. Tulipokaa yule mama akaniambia, "Wewe unacheza vizuri, hebu angalia vile umenilowesha jasho." Mume wangu akamwambia sioni. Mama akasema, "Haiya! Basi mimi ndiye nilikuwa nakukanyaga na macho yangu mawili." Tukacheka wote. Siku hiyo nilikuwa mtu tu aliyetoka na bwanake.

Jioni tulipofika kwenye chumba tulichokodi, mume wangu akaweka picha zetu kwenye status. Hata hatukuwa tumevua viatu, dadake akapiga simu, na mume wangu huweka simu kwenye spika kila mara.

"Kwani wewe una shida gani? Unapeleka kipofu kutazama maji? Si ungembeba mama, angalau yeye angeona kitu!"

Nikanyoosha mkono, nikaitafuta simu. "Dada, ni mimi. Maji niliyaona. Kuna kingine unataka kuuliza?" Akakata.

Sasa mama mkwe ameita mkutano wa familia Jumapili hii, kwake Ngoliba. Amemwambia mume wangu kwa simu kwamba yeye bado ni kijana, ametembezwa vya kutosha na ugonjwa wa mtu, na kuna msichana mzuri wa kanisa anayeweza kuja "kusaidia nyumba". Mimi si mtoto. Najua si mfanyakazi anayetafutwa.

Mume wangu alikataa hapo hapo, na ninamwamini. Lakini jana akaniambia, "Jumapili wewe ubaki. Nitawaongelesha mimi. Sitaki wakuumize." Alisema kwa upendo, najua, na ndiyo maana imenichoma kuliko matusi ya dadake. Nikamuuliza, "Kwa hivyo na wewe utawajibu wakiuliza huyu atakula nini, kama yule mhudumu?" Akatoka nje, hajarudia hiyo stori mpaka leo.

Msiniambie nivumilie, hiyo nimesikia kutosha. Na msiniulize kama tutatoka tena, kwa sababu mwezi ujao nataka Nairobi, na rinda jekundu limepigwa pasi tayari. Ninachowauliza ni hiki kimoja. Mwanaume ambaye hajawahi kuniacha ananiomba nikae nyumbani, na watu wanaotaka kunitoa kwangu wanakutana bila mimi. Nikienda nitamwaibisha mbele ya mama yake. Nikibaki, nitakuwa nimekubali kuwa mtu wa kuongelewa. Niende nikae katikati yao niseme yangu, ama nimheshimu nimwachie? Nisaidieni ndugu zangu, na mniambie bila kunihurumia. Kilichoharibika ni macho, masikio ni mazima.