Bibi na Kombe la Alizeti

Mwezi uliopita nilivua viatu, nikanawa mikono na miguu, nikaingia chumbani kwa mama mmoja wa Misigiri kupiga picha karatasi ya dumu la mafuta. Ndiyo, umenisikia. Karatasi imebandikwa juu ya mlango kwa ndani, imekuwa kahawia kwa moshi, na mwenyewe kasimama pembeni ananilinda nisije nikaigusa. "Hiyo ndiyo inayokinga nyumba hii," akaniambia. Nikaitikia, "Ndiyo, mama," huku nimeng'ata midomo, maana nilikuwa naisoma. Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno ni Kiswahili chetu cha Mandewa: Mafuta ya alizeti. Rudisha dumu.

Aliyeiandika ni bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea. Mimi siku hizi kazi yangu ni kuchora herufi za kompyuta, zile unazochagua unapoandika barua au tangazo. Nataka mwandiko wa bibi uingie humo, ule wa kale wa kalamu ya tete, si haya maherufi ya Kiarabu ya kwenye simu, yamenyooka kama yamepigwa pasi. Shida ni kwamba nyumbani haukubaki hata mstari mmoja. Ngoja nikuambie ulikwendaje.

Bibi hakuwahi kukanyaga shule. Kuandika alifundishwa na baba yake. Tete alilikata mwenyewe kando ya ziwa, akalichonga ncha kwa mshazari kwa kisu cha vitunguu. Wino aliupika kwa masizi ya sufuria na gundi ya mgunga, na mkorogaji nilikuwa mimi, mpaka mkono ufe ganzi. Kila herufi aliipima kwa nukta. Alifu isimame nukta saba, isizidi. Akikukuta umekaa umejikunja utasikia, "Nyanyuka huko, umepungua nukta mbili!" Na majivuno alikuwa nayo, nisikufiche. Akimaliza mstari aliinua karatasi, akaitazama kwa mbali, akajisifu mwenyewe: "Hee! Mkono huu!"

Basi ikaja miaka ya ruksa. Biashara zikafunguliwa, kila mtu akawa mfanyabiashara, na bibi naye akapata mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Uani pote pakanukia mafuta. Mashudu tuliwalisha kuku mpaka wakawa wavivu hata wa kukimbia mwewe. Mafuta yalisafiri na lori la mwuza vitunguu mmoja hadi Misigiri. Madumu ndiyo yaliyokuwa adimu, kwa hiyo bibi akabandika kila moja karatasi kwa uji wa muhogo, yenye maneno yale yale niliyoyakuta juu ya mlango.

Halikurudi hata moja.

Mwenye lori alikuja kashika kofia mkononi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Madumu yangu yako wapi?"

"Bibi, watu wamegoma. Wanasema kitu chenye maandiko hakirudishwi. Wengine karatasi wanaibandua, wanailoweka, wanakunywa."

"Wanakunywa nini?"

"Kombe lako, bibi. Kuna mzee kapona tumbo, kakutumia jogoo huyu."

Kombe, kama hulijui, ni aya inayoandikwa kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Misigiri hapakuwa na wa kuwasomea zile herufi, wao wakaona Kiarabu, wakajua ni dawa. Bibi alikaa chini pale pale kwenye mashudu, akacheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Halafu kicheko kikakatika. "Astaghfirullahi! Nimewanywesha watu madumu!" Jogoo hakumla. Alikuwa mtu wa dini kwelikweli, na sasa hofu yake haikuwa madumu tena, ilikuwa kwamba siku ya mwisho ataulizwa kwa nini alidanganya wagonjwa.

Akaamua kurekebisha. Akaandika karatasi mpya, kubwa, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika: Hii si dua. Ni mafuta. Msinywe karatasi. Kwa herufi zile zile! Mimi kosa nililiona, lakini nani angethubutu kumwambia? Misigiri wakazinywa zote. Maagizo yakaongezeka. Hata mzee wa kanisa mmoja aliagiza dumu, akasisitiza apewe lenye maandishi mengi.

Ndipo akaitwa mwalimu wa madrasa. Alisoma, akajikaza asicheke, akashindwa. Kisha akasema, "Mama, hapa hakuna njia nyingine. Andika kwa herufi za shule."

Bibi alijaribu juma zima, kwa tete lake, akiangalizia daftari langu la darasa la nne. "A" yake ilikaa kama kuku aliyelalia mayai. Alilalamika kwamba herufi hizi hazishikani mikono, kila moja imesimama peke yake imenuna. Akaandika, akachana, akaandika tena. Sijapata kumwona bibi akiona aibu mbele ya karatasi, ila wiki ile.

"Andika wewe," akaniambia mwisho, akanisogezea karatasi. "Yako yanasomeka."

Nikaandika kwa bolpeni, herufi kubwa kubwa. Madumu yakarudi yote, mpaka lenye ufa. Hakuna aliyekunywa hata karatasi yangu moja, na kusema kweli niliumia kidogo.

Bibi akapumua. Karatasi zake zilizobaki alizichoma mwenyewe, asije mtu akazinywa. Wino ukakauka, tete likapotea, na tangu hapo hata barua za ndugu nikaziandika mimi. Sasa pale uani pamekuwa fremu za maduka, na mashine ya alizeti iliuzwa kama chuma chakavu.

Kwa hiyo nazunguka Misigiri nyumba kwa nyumba, kwa wale waliokosea, maana ndio pekee waliomtunzia mwandiko. Nimepata karatasi nne. Herufi yake ya wau nimeichora kwenye kompyuta sijui mara ngapi. Inatoka safi, lakini yeye hakuwahi kuandika wau mbili zinazofanana, na sijui ipi alikuwa akiipenda. Namkumbuka mpaka nakasirika.

Siku ile aliponisogezea karatasi, nilikimbia mtaa mzima nikiwatangazia wenzangu kwamba bibi kakubali, mwandiko wangu ni bora kuliko wake. Yeye alikuwa kakaa uani, ananisikia.