Nafasi Tupu za Mwezi wa Nne

Katika miaka ya sabini nilitumwa Kisii, nyumbani kwetu, kuwafundisha wauguzi sita kuandika programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa na ubao, chaki na daftari za kliniki zilizojaa uzito wa watoto.

Siku ya kwanza nilijifanya mashine. Wakaniagiza: soma uzito, jumlisha, rudia. Nikasoma daftari hadi mwisho, kisha nikaanza kuusoma ukuta. Hakuna aliyeniambia nisimame! Walicheka hadi machozi, lakini somo liliwaingia.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa mkunga kutoka Magwagwa, mama wa makamo aliyeandika polepole kama anayedarizi. Pamoja tuliandika programu ya kutafuta wastani wa uzito kila mwezi, tukaituma Nairobi pamoja na takwimu zetu, na huko vyote vikaandikwa kwa matundu yaliyotobolewa kwenye kadi ambazo mashine husoma. Baada ya wiki mbili majibu yakaja kwa basi. Watoto wa Magwagwa, mwezi wa nne, walionekana wamekonda vibaya.

"Ni njaa," mmoja akasema.

"Si njaa," mkunga akakataa. "Watoto hawa nimewapokea mimi walipozaliwa." Akafungua daftari lake. Mwezi ule mvua ilibomoa daraja, na kina mama wengi hawakufika. Mahali pa kuandika uzito wao palikuwa patupu.

"Mwalimu, mashine ikikuta nafasi tupu husoma nini?"

"Sifuri," nikajibu, na papo hapo uso ukaniwaka kwa aibu. Mfano wa programu waliouiga niliuandika mimi.

"Basi imekosea. Mtoto asiyekuja kliniki si mtoto asiye na uzito."

Nikampa chaki. Akaandika: ikiwa ni sifuri, ruka. Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba aliyerukwa asihesabiwe pia wakati wa kugawanya. Hilo la pili hata mimi sikuwa nimelifikia.

Tulituma upya. Safari hii wastani ulirudi ukiwa sahihi, na mkubwa wangu Nairobi akaandika kuuliza ni nani aliyeongeza mistari ile. Nilimjibu kwa furaha kwamba ni mwanafunzi wangu, mkunga.

Darasa lililofuata nilimwomba alifungue yeye. Alifundisha kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani kwetu, bila haraka, nami nikakaa dawati la nyuma nikiandika kila alilosema.