Beseni la Perez Lilivyoivisha Maharage

Perez Achola alifika uani na ndoo nusu. Nusu nyingine ilikuwa imemmwagikia mgongoni njia nzima kutoka ziwani mpaka Igogo. Ndoo ilikuwa na ufa ubavuni, na mwaka ule ndoo mpya hukuipata hata kwa dawa. Duka la ushirika liliuza ahadi tu. Sasa bila ndoo, uji wa makuli wa bandarini angeupika kwa mate?

Lakini leo Masalu alikuwa anapita, yule fundi anayechomelea plastiki kwa kisu cha moto. Sharti lake moja: kiraka ulete mwenyewe. Na Perez alikuwa navyo, vipande vya beseni lake jekundu lililovunjika, kavificha nyuma ya choo.

Ndipo ikampiga harufu.

Mama Venant, Mhaya wa chumba cha pili, alikuwa amechutama anapuliza jiko. Moshi mweusi. Kitu chekundu kinadondokea kwenye mkaa.

"Mama Venant! Beseni langu hilo!"

"Beseni gani? Si takataka zile za chooni?"

"Nimeziweka!"

"Mtu mzima anaweka kitu cha maana chooni? Mafuta ya taa hakuna. Mkaa niuwashe kwa rozari?"

"Ungeuwasha kwa huo mdomo, moto unao!"

Perez akagonga mlango kwa mlango akitafuta vipande vingine. Huyu kawashia jiko jana. Yule katupa mtaroni, mvua imebeba. Wa mwisho akamcheka: "Siku hizi unaokota takataka, Perez? Kichaa kimeanza?"

Watu hawa! Kitu kikiwa kipya wanakipigania foleni mpaka nguo zinachanika. Kikivunjika tu, wanakiona kinyesi.

Masalu akafika, akachungulia jiko, akatikisa kichwa. "Hicho kishaungana na mkaa. Na mimi kesho navuka kivuko cha Busisi, sirudi mpaka watu wavune."

Mama Venant akatoka taratibu na beseni lake la bluu, limepasuka katikati. "Baba, na hili?"

"Kiraka?"

Mama Venant akageukia jiko lake.

"Kiraka chake kinaivisha maharage," Perez akasema.

"Basi vibovu viwili vitoe kizima kimoja," Masalu akasema. " Semeni, nikate kipi?"

"Cha kwake!" wakajibu pamoja.

"Kata ndoo yangu," Perez akafoka, akimgeukia Mama Venant, "halafu kesho makuli wote nawaleta kwako, uwalishe wewe!"

Mama Venant akaitazama sufuria yake, akalitazama beseni. Akaliachia. "Kata. Ila ndoo ni yetu wote. Ubavu mmoja wangu."

Perez alitaka kukataa. Kisu kilishakuwa chekundu. "Uji kwanza," akasema akiuma meno. "Maharage yako baadaye."

Masalu alipomaliza kuziba ufa, maji yakakaa, hata tone halikutoka. Perez akakusanya mabaki yote ya beseni la bluu, akayafunga kwenye kitenge, akayasukuma chini ya kitanda na kupiga kufuli mlango.

"Perez, mwanangu! Ndoo!" Mama Venant akaita.

"Kiraka hakijapoa, mama! Hebu subiri!"