Shamba la Maharage Lililoisikia Kibondo

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu iliniaibisha siku tatu mfululizo nilipopelekwa kufunga simu ya upepo katika zahanati moja upande wa Mabamba. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa fundi kijana kutoka Tanga, cheti mfukoni, mdomo mrefu. Nesi wa pale alikuwa peke yake na wajawazito wa vijiji vyote vile, nami nilimwahidi kwamba kabla ya chai ya saa nne atakuwa anaongea na hospitali ya Kibondo.

Saa nne ikapita. Kilichotoka redioni ni mkwaruzo tu, kama mahindi yanayokaangwa.

Kati yetu na Kibondo kulikuwa na kilima kirefu, mgongo wake mwembamba, na zahanati ilijengwa chini yake kabisa. Nikaurefusha mlingoti wa antena kwa mianzi. Wapi! Kesho yake nikauhamisha, nikausogeza hadi ubavuni mwa kilima, maana kwa akili yangu huko ndiko kulikokuwa karibu na Kibondo. Hata ule mkwaruzo ukafifia. Siku ya tatu nikapanda kileleni na betri mgongoni, na huko Kibondo wakanijibu utadhani wako chumba cha pili. Lakini nesi gani atapanda kilima kile kila mama anaposhikwa na uchungu? Nilishuka nimenuna. Ijumaa mkubwa wangu wa kazi angefika kutoka Kasulu, na alikwisha sema kwamba redio isiposikika anaichukua, akaifunge kwingine. Nesi akaacha kuniletea chai. Sikumlaumu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa nje ya zahanati, sina hamu ya kitu, akapita mama mmoja mwenye shamba la maharage ng'ambo ya kijito.

“Mwakeye,” akanisalimia kwa Kiha, akaniambia anakwenda kumwita dada yake anayeishi nyuma ya kilima. Halafu akakipa kilima kisogo, akavuka kijito, akapanda hadi mwisho wa shamba lake.

Nilicheka. Nikamfuata nikisema, “Mama, mbona unamkimbia huyo dada? Si ungesogea kule kilimani?”

“Pale chini kilima kinakufunika, mwanangu. Rudi nyuma kwanza, ndipo sauti ivuke.”

Akageuka, akaweka viganja mdomoni, akaita. Tukangoja. Kutoka nyuma ya kilima ikaja sauti nyembamba ya mwanamke, ndefu, ikiitika.

Mwili ulinisisimka! Jambo hili nilifundishwa darasani, tena nikalichorea na mchoro: wimbi likipita juu ya mgongo mwembamba huinama kidogo upande wa pili, na aliye chini kabisa ya kilima hukaa kivulini, lakini aliyerudi nyuma hulipata. Nilifaulu mtihani ule, kisha nikaenda kuufunga mlingoti kivulini. Nilijiita mjinga kwa sauti, yule mama akacheka mpaka akashika kiuno.

“Chukua pembe hii ya shamba,” akasema, “ila usinikanyagie maharage.”

Nilimkanyagia mengi, Mungu anisamehe. Nilikimbia na betri, nikarudi kukimbilia antena, na kabla ya adhuhuri Kibondo ikasema, “Nakusikia vizuri, ova.” Niliruka. Nesi aliyekuwa ameshika waya aliniangalia kwanza, kisha naye akaruka. Jioni kibanda cha miti na nyasi kilikuwa kimesimama.

Ijumaa mkubwa wangu akafika na Landrova, nyuma kuna kreti tupu la kubebea redio. Akakitazama kibanda kwa dharau. “Serikali haifungi mitambo kwenye maharage. Maelekezo yalisema zahanati. Fungua, tunaondoka nayo.”

Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kugombana, mara nesi akaja mbio kutoka zahanati. Hakutusalimia. Akanyakua kipaza sauti, akaita Kibondo: kuna mama yuko kwenye uchungu tangu alfajiri, mtoto amelala mkingamo, anahitaji kupasuliwa.

Daktari akajibu palepale. “Gari letu limekwenda Busunzu. Hapo hakuna gari lolote? Ova.”

Nesi akamgeukia mkubwa wangu, akamkabidhi kipaza sauti. Jasho lilimtoka mzee wa watu. “Gari lipo,” akasema, “lakini ni la ukaguzi. Ova.”

“Basi kague barabara mpaka huku, ndugu. Naandaa chumba cha upasuaji. Ova.”

Mkubwa wangu akakirudisha kipaza sauti mahali pake. Kisha akashuka hadi kwenye Landrova, akalivuta kreti kwa mikono yake mwenyewe, akalitupa majanini. Tukamlaza yule mjamzito juu ya magodoro mawili, na mkubwa wangu akaondoka naye kwenda Kibondo.

Usiku ule sikulala vizuri, na sidhani nesi alilala. Saa mbili asubuhi tulikuwa kibandani wote wawili, tukiitazama redio. Ikakwaruza. Sauti iliyotoka haikuwa ya daktari, ilikuwa ya mkubwa wangu.

“Mtoto wa kike,” alisema. “Mama mzima.” Tukadhani amemaliza. “Fundi, hiyo redio usiiguse. Ova.”