Kuku wa Ukurasa wa Mwisho

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Butembo, mtaa wa Rughenda, na kila mwaka nawasomea watoto kitabu cha kuku ambaye nilimla. Naanza na hilo mapema, msije mkanidhania wema.

Kitabu aliandika mwenzangu Agar, wa darasa la pili. Agar alikuwa ameolewa upande wa Beni. Mume wake, Éliakim, aliuawa katika shamba lake la kakao, siku ileile na watu wengine ambao redio iliwataja kwa idadi tu. Agar akarudi kwa mama yake hapa Rughenda kwa pikipiki, na binti yake Shekinah, miaka sita, akiwa amebanwa kati yake na dereva. Ndani ya sweta mtoto alikuwa amefumbata kifaranga. Hakuna aliyejua alikiokota wapi, na yeye hakusema. Hakusema chochote siku ile, wala miezi minane iliyofuata.

Kanisa lilifunga na kuomba. Muuguzi alitoa vitamini. Mimi, mwenye kujua yote, nilisema yatapita. Wakati huo kifaranga kilikua kikawa kuku jike wa rangi ya biskuti, analala chini ya kitanda cha mtoto, anamfuata mpaka mlango wa choo. Siku moja kuku alipotelea kwenye maharage ya jirani. Shekinah akasimama mlangoni akaita, "Biskwiti!" Agar alikuwa ameshika sufuria ya fufu, ikamtoka mikononi.

Tangu hapo, kila neno ambalo mtoto alimwambia yule kuku, mama yake aliliandika kwenye daftari. Njoo. Kula. Usiogope. Mvua inakuja. Lala hapa. Sisi watu hakutuambia kitu, lakini kuku alimwambia. Agar alikuwa na hakika kwamba mwanawe anarudi, polepole, na kwamba njia yake ya kurudi ni Biskwiti.

Ndipo likaja shirika moja kutafuta hadithi fupi za watoto wanaoanza kusoma, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kifaransa. Agar akachukua maneno ya daftari akayapanga. Shekinah ana kuku. Njoo, Biskwiti. Usiogope mvua. Hakutaka jina wala sifa. Alitaka kitu kimoja: binti yake afungue kitabu shuleni, akute maneno yake mwenyewe, ayasome mbele ya watu. Hapo, alisema, atazungumza na sisi pia. Hadithi ilikubaliwa, ila ukurasa wa mwisho haukuwa umeandikwa bado, na shirika likamtuma bwana mmoja kuja kumuona mtoto na kuku wake, apige picha za kumsaidia mchoraji.

Bwana huyo aliitwa Laurent, mtu wa Kasai, mpole, viatu vimepigwa rangi. Alifika kabla ya saa yake. Agar na Shekinah walikuwa wamekwenda shuleni kuchukua daftari, kwa hiyo mimi na Koko Tamar, mama yake Agar, ndio tulimpokea uani.

Sasa sikilizeni jambo hili. Kwetu mgeni wa heshima hapewi tu nyama kwenye sahani. Kwanza anaonyeshwa kuku akiwa hai, ajue kwamba hakuokotwa wala hakufa kwa ugonjwa. Mgeni anamgusa mgongoni, anashukuru, basi, amempokea. Desturi hiyo haihitaji maneno. Koko Tamar alitazama banda lake la kuku, ambalo ugonjwa wa kideri ulikuwa umelimaliza, akamtazama mtu aliyeshika kazi ya binti yake mkononi. Akaingia ndani, akatoka amembeba Biskwiti kwa mikono miwili, akampigia mgeni goti.

Laurent alifurahi sana. Alidhani analetewa mhusika wa hadithi amsalimie.

"Ah, ni yeye kabisa," alisema, akimpapasa mgongo. "Merci mingi, maman. Nilikuwa namungojea huyu tu."

Koko akainuka, uso umemng'aa, akaenda nyuma ya jiko.

Mimi nilielewa. Nilielewa kwamba yule bwana hakuelewa. Ilitosha niseme neno moja. Lakini ningemwaibisha mwanamke mzee mbele ya mgeni, tena ningeingilia nyumba isiyo yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli wenyewe ni mfupi zaidi: sikuwa nimeonja nyama tangu Pasaka. Nikamuuliza mgeni habari za barabara.

Agar na mtoto walirudi tukiwa mezani. Shekinah alisalimia kwa kichwa, akainama kutazama chini ya kitanda, akatoka nje. Laurent alikuwa amemaliza firigisi, fungu la mgeni, akifuta vidole.

"Donc, sasa mulete kuku, tupige picha," alisema.

Kupitia dirisha niliona mtoto amechuchumaa nyuma ya jiko, anakusanya manyoya ya rangi ya biskuti, anayatia ndani ya sweta. Agar pia aliona. Aliliweka daftari mezani taratibu, akamuomba mgeni radhi kwa kuchelewa.

Picha zilipigwa na kuku wa jirani. Shekinah akanyamaza tena, safari hii hata kwa kuku. Koko Tamar alimletea vifaranga wawili kutoka soko la Musienene, hakuwagusa. Yule mama mzee mpaka leo hajui la kufanya na mikono yake mtoto anapoingia jikoni.

Mwaka uliofuata Shekinah alikuwa darasani kwangu, na vitabu vilifika, vizuri, vinanukia rangi mpya. Ukurasa wa mwisho shirika liliandika lenyewe. Unauliza: Biskwiti yuko wapi? Na chini, pembeni ya mchoro wa vifaranga kumi: Biskwiti yuko kwenye kiota.

Tulisoma kwa sauti, watoto sitini kwa pamoja. Shekinah alikuwa amekaa benchi la mbele, kitabu amekifunga. Tulipofika mwisho nikauliza, kama mwongozo wa mwalimu unavyotaka, Biskwiti yuko wapi? Kabla wenzake hawajafungua midomo, yeye alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu, na macho hayakuniacha.

"Mulimukula," alisema.

Akakaa. Nilifunga kitabu nikawatoa watoto nje kucheza.

Habari ilimfikia Agar kabla sijatoka mlangoni. Alikuja mbio kutoka darasa la pili, chaki mkononi, akamkumbatia mtoto, akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma.

"Banasema aliongea. Alisema nini, Madame? Niambie alisema nini."

Nilikuwa na deni la neno moja tangu siku ile uani, na hapo ndipo pa kulilipa.

"Alisoma kitabu yake, mama Shekinah," nilisema. "Alisoma muzuri."

Agar alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Shekinah alikuwa amesimama kati yetu, ananitazama. Hakunisahihisha.