Mapigo ya Dada Anjela

Juzi nilimwona binti akikimbia barabarani, akitazama saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Nikamkumbuka dada yangu Anjela, mkimbiaji wa shule yetu kule Kibosho.

Kila wiki mwalimu wa michezo alimtaka akimbie polepole, mwendo uleule, kwenye njia ileile ya migombani. Kisha alimshika kifundo cha mkono na kuhesabu kimyakimya. Mimi nilidhani anamwombea.

Mchana mmoja, siku chache kabla ya mashindano ya shule, ulinukia maua ya kahawa na udongo mbichi. Mwalimu alihesabu, akarudia, akafungua daftari lake.

"Anjela, mwendo ni uleule, lakini moyo unadunda haraka kuliko wiki zote. Jumamosi hushindani. Twende hospitali."

"Mwalimu, mimi ni mzima!" dada alilia.

Nilimchukia mwalimu. Niliamini amempa mwingine nafasi yake. Nikawafuata nikimtukana kwa Kichagga, naye akaendelea tu kusukuma baiskeli, dada amekaa nyuma.

Daktari alikuta moyo wa dada ni mgonjwa. Alitibiwa miezi mingi, wala hakushindana tena. Siku ya harusi yake, baba alimwita mwalimu aketi pamoja na wazee wa ukoo.